Gauni la Binti wa Fundi

Shari haitakiwi hata ikiwa ndogo. Lakini ikishabisha hodi, afadhali ile utakayoibeba kuliko ile itakayokubeba wewe. Fundi cherehani mmoja alilijua hilo kwa uchungu.

Fundi huyo alikuwa na binti mmoja tu, na tangu utotoni hakuna aliyemshonea isipokuwa yeye. Dada yake Fundi alipougua saratani ya matiti, daktari alieleza kuwa ugonjwa ule umo katika jeni za ukoo wao, akashauri ndugu wote wapimwe damu. Fundi alicheka. Mwanamume na matiti, wapi na wapi? Tena binti alifanana na mama yake, na upande wa mama vikongwe walijaa tele, buheri wa afya. Alikwenda kupimwa ili tu dada yake asimsumbue.

Majibu yalimkata maini. Jeni yenye hitilafu alikuwa nayo, na huenda mwanawe ameirithi, nusu kwa nusu. Aliye nayo si lazima augue, daktari alimtuliza, ila yumo hatarini kuliko wengine, na uvimbe ukiwahiwa wengi hupona. Fundi akafyata ulimi. Gauni la harusi la bintiye lilikuwa tayari juu ya cherehani. Baba gani angemtia mwanawe hofu wakati kama huo? Angesema baada ya harusi. Basi akawa anashona na kufumua, anashona na kufumua.

Dada yake, aliyeyajua majibu, alikuja dukani, kilemba kikificha kichwa kilichonyonyoka nywele kwa dawa.

"Kaka, mama alituficha uvimbe wake, nami nikachelewa. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Jioni ile binti alipokuja kujaribisha gauni, Fundi alimweleza yote huku machozi yakimtiririka. "Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekupa."

Binti akamfuta baba yake machozi kwa kipande cha shela. "Na hii miguu ya twiga alinipa nani? Mbona hiyo hujaniomba radhi?"

Alipimwa, akakutwa nayo. Picha ya matiti ikaonyesha uvimbe mdogo kama punje ya mtama, ambao mkono usingeutambua. Ilikuwa saratani. Harusi ikaahirishwa, titi la kushoto likaondolewa. Mchumba hakubanduka wodini.

Binti alipopata nguvu, Fundi alilitoa tena gauni, akataka kujaza pamba upande ule ili watu wasijue.

"Usinitie pamba, baba. Nishonee nilivyo."

Akamshonea alivyo. Siku ya harusi alimtazama akicheza na shangazi yake, akicheka mpaka shela ikamdondoka. Kifua kilikuwa na pengo upande mmoja, lakini mwanawe alikuwa mzima mbele ya macho yake. Fundi alimshukuru Mungu kimoyomoyo: heri nusu shari kuliko shari kamili.