Mdomo wa Kisogoni

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo sogeeni. Wakubwa msiondoke, maana hii inawahusu ninyi zaidi.

Palikuwa na zimwi lililozeeka hadi meno yote yakang'oka. Lilikuwa na njaa, lakini halikuweza kutafuna hata ini. Basi siku moja likaoga, likavaa shuka safi, likaenda mchana kweupe kwa Mtemi Mhoja, mtawala wa Itumbwe.

Likamwambia Mtemi kwamba watu wa ng'ambo ya mto wanayatamani malisho yake, na kwamba linaweza kumpa jeshi la kuwamaliza. Halikutaka ng'ombe. Lilitaka vijana ambao ndevu zao hazijaota.

"Kwa nini si wanaume wazima?" Mtemi akauliza.

"Mwanamume mzima huuliza anakwenda kumuua nani, na kwa nini," likajibu zimwi. "Mtoto huuliza tu kama atakuwa wa kwanza."

Mtemi akacheka. Siku ileile akampeleka mwanawe kwa wajomba zake, mbali, eti akajifunze kufuga nyuki. Kisha akakusanya watoto wa wenzake.

Miongoni mwao alikuwa Lugwisha, mwana wa Kabula mfinyanzi. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kazi yake kubwa nyumbani ilikuwa kumtania dada yake mdogo, Nshoma, kwamba ana miguu ya korongo.

Zimwi likawafunza porini. Kwanza kila mmoja alimuua kuku aliyemlea mwenyewe. Zimwi likampapasa kijana kisogo, likasema, "Hodari." Kisogo kikawasha.

Kisha kila mmoja akamuua mbuzi aliyemchunga. Likampapasa kisogo, likasema, "Hodari." Ngozi ikapasuka.

Kisha wakavushwa mto, kila mmoja akamuua mtu asiyemjua. Likampapasa kisogo, likasema, "Hodari." Na pale kisogoni, chini ya nywele, pakaota mdomo wenye meno. Kila mdomo ule ulipokula, zimwi ndilo lililoshiba.

Sasa, Itumbwe walikuwa na desturi. Anayerudi ameua, awe ameua chui au mtu, havuki kizingiti cha nyumba kabla ya kunawishwa mikono na yule aliyemtuma. Aliyemtuma humimina maji na kusema, "Mimi ndiye niliyekutuma." Lakini siku ile vijana waliporudi kutoka ng'ambo, Mtemi alisema ni wengi mno, na jeshi lililoshinda halihitaji maji, linahitaji pombe na ngoma. Watu wakashangilia. Wakashangilia! Vijana wakaingia majumbani hivyohivyo.

Asubuhi Nshoma akamtania kaka yake, kwamba shujaa gani huyu hajui hata kufunga shuka. Lugwisha akamkaba koo. Alimkaba bila hasira, kama mtu anayefunga mzigo.

Kabula akamnasua binti yake. Akadhani mwanawe ana homa ya kichwa, basi akamkalisha chini, akachukua wembe amnyoe. Nywele zilipoanguka, mdomo wa kisogoni ukamng'ata kidole.

"Nipe kingine," ukasema.

Kabula hakupiga kelele. Akamwuliza mwanawe alifanya nini kule ng'ambo.

"Alikuwa mvulana kama mimi, mama. Aliniambia, 'Ngoja.'"

"Ukangoja?"

"Sikungoja."

Nyumba nyingine nazo zilikuwa na vilio. Mtemi aliposikia akatoa amri: vijana hawa wamegeuka mazimwi, basi jua la siku ya tatu lisitue kabla hawajachomwa moto.

Kabula akajaza kibuyu maji, akamshika Lugwisha mkono, akaenda naye hadi uani kwa Mtemi. Akamwomba amnawishe.

"Sikushika mkuki, mama," Mtemi akasema. "Mikono yangu ni safi."

"Ni safi kwa sababu ulitumia ya watoto wetu."

Akafukuzwa. Hakuondoka. Akaketi palepale mlangoni. Mama wa pili akaja na kibuyu chake na mwanawe, akaketi. Wakaja wote. Siku hiyo hakuna aliyemtekea Mtemi maji, hakuna aliyemsagia unga. Siku ya pili mke wake mwenyewe akatoka ndani, akaketi na wenzake. Siku ya tatu kuni zilikuwa tayari, lakini hapakuwa na mtu wa kuziwasha. Jua likielekea kutua, Mtemi akatoka, midomo imemkauka.

Akachukua kibuyu, akammiminia Lugwisha maji, akasema, "Zimwi ndilo lililokutuma." Mdomo wa kisogoni ukacheka.

Akamimina tena, akasema, "Vita ndivyo vilivyokutuma." Mdomo ukacheka.

Kabula akamwambia maji ya kibuyu yanakaribia kwisha. Mtemi akamimina mara ya tatu. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi ndiye niliyekutuma. Mwanangu nilimficha, wewe nikakutuma."

Mdomo haukucheka. Ukajifumba, ukabaki kovu. Mtemi akawanawisha wote, mmoja baada ya mwingine, akirudia maneno yaleyale. Na huko porini zimwi likashikwa na njaa, likainuka kwenda kutafuta mtawala mwingine. Halikutembea mbali kabla ya kumpata.

Mtemi akataka kuingia ndani akapumzike. Lugwisha akasema, "Bado kuna mama ng'ambo."

Wanawake hawakumpisha mlangoni. Basi Mtemi akabeba kibuyu mwenyewe, akavuka mto, Lugwisha nyuma yake. Wakamkuta mama wa yule mvulana. Alimsikiliza Mtemi hadi mwisho, lakini maji hakuyapokea.

"Umechelewa," akasema. "Mwanangu alikuwa na jina, na hakuna aliyeliuliza."

Lugwisha akapiga magoti. "Aliitwa nani, mama?"

Yule mama akakitazama kichwa cha Lugwisha kilichonyolewa na lile kovu. Hakumsamehe. Lakini jina alimtajia, na Lugwisha akalirudia mpaka alipoweza kulitamka vizuri.

Hadithi yangu inaishia hapo, ng'ambo ya mto. Funzo lake ni hili: anayemtuma mtoto kuua ameua watoto wawili, na yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.