Twiga Alivyouza Sauti Yake

Paukwa?

Pakawa.

Mmeitikia kivivu. Wewe uliyeshika simu, iweke kifudifudi. Kifurushi chako kimekwisha tangu adhuhuri na sote tunajua. Hadithi yangu haihitaji kifurushi, inahitaji masikio tu. Paukwa?

Pakawa.

Haya sasa. Hapo zamani za kale, zamani sana, Twiga alikuwa na sauti. Tena si sauti ya mchezo. Akisimama kilimani akaipaza, alisikika mbuga nzima. Na kwa kuwa shingo yake iliwapita wote, aliona mambo kabla ya wote. Aliona chui amejibanza wapi. Aliona bwawa gani bado lina maji.

Mwanzoni alisema bure, kama jirani anavyomwambia jirani. Kisha akaenda kwa Mfalme Simba akaomba leseni, na Simba akampa. Leseni ilisema hivi: Twiga peke yake ndiye atakayetangaza habari. Tumbiri akipiga kelele mtini, faini. Ndege akilia kuonya wenzake, faini. Mfalme alisema ni kwa ajili ya utaratibu, na utaratibu ni kitu kizuri sana, hasa kwa aliyeuomba.

Twiga akaanza kuuza vifurushi. Kifurushi cha asubuhi, kifurushi cha siku, kifurushi cha wiki. Malipo yalikuwa majani machanga ya mgunga. Tembo aling'oa tawi zima akalipa, wala hakutoka jasho.

Lakini palikuwa na mama mmoja, Bi Digidigi, mnyama mdogo ambaye nyasi zikiota vizuri haoni mbele. Majani ya mgunga yako juu, yeye yuko chini. Aliokota yaliyodondoka, jani moja moja, mpaka apate kifurushi cha asubuhi, kile kidogo kabisa. Alikuwa na watoto wawili, Mosi na Pili.

Siku moja akalipa, akawachukua wanawe kwenda bwawani. Twiga akapaza sauti kutoka kilimani.

"Bi Digidigi, mteja wetu mpendwa, jihadhari. Chui yuko upande wa..."

Kimya.

"Upande gani, Bwana Twiga?"

"Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha. Tafadhali ongeza majani."

Chui alikuwa upande wa kushoto. Mosi naye alikuwa upande wa kushoto.

Bi Digidigi alilia siku tatu. Siku ya nne akafuta machozi, akaenda barazani kwa Simba.

"Mtukufu, sikuja kuomba sadaka," akasema. "Naomba sheria. Habari ya chui na habari ya maji zisikike kwa kila mwenye masikio, hata asiye na jani."

Waziri wa habari alikuwa Fisi. Twiga alimpa kifurushi cha bure cha kumwelekeza penye mizoga, kwa hiyo Fisi aliliangalia jambo hili bila upendeleo wowote.

"Tumelipokea kwa uzito, mama," akasema Fisi. "Tutaunda kamati."

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Twiga, katibu alikuwa Twiga, na Fisi akawa mjumbe huru. Ilikaa msimu mzima. Ikagundua kwamba Twiga ni mrefu.

Bi Digidigi akarudi barazani mara ya pili. Safari hii Twiga alikuja mwenyewe kujitetea.

"Shingo hii sikupewa na serikali," akasema Twiga. "Nimeirefusha mwenyewe, kwa jasho langu. Mkinilazimisha kusema bure, nitapata wapi moyo wa kuirefusha zaidi?"

Wanyama wakatazamana. Shingo ilishapita miti yote, lakini nani angependa kumvunja moyo mwekezaji?

"Isitoshe," akasema Fisi, "hakuna anayemkataza Digidigi kuona mbali. Ana uhuru kamili wa kurefuka."

Baraza likapiga makofi. Simba alikuwa anasinzia. Yeye alikuwa na Kifurushi cha Kifalme kisicho na kikomo, na shida hizi alizisikia kama habari za nchi nyingine.

Basi Pili hakupelekwa tena bwawani. Akawa analamba umande. Kiangazi kikazidi, umande ukawa haba, na mtoto akaanza kuyumba akisimama. Bi Digidigi akaona wazi kwamba wa kwanza alichukuliwa na chui na wa pili anachukuliwa na kiu. Akamficha kichakani, akaondoka kwenda barazani mara ya tatu.

Njiani akaona udongo mbichi. Digidigi pua yake iko chini, na walio chini huona mambo ambayo wenye shingo hawayaoni vizuri. Akachungulia. Lilikuwa shimo la wawindaji, refu, limefunikwa nyasi.

Mara akamwona Simba anakuja na njia ileile, Fisi nyuma yake akibeba mafaili. Bi Digidigi akafungua mdomo apige kelele. Akakumbuka faini. Akaufunga.

Kule kilimani Twiga naye aliona. Asubuhi ile aliwaona wawindaji wakichimba, kwa hiyo akapaza sauti upesi.

"Mtukufu... Mfalme..."

Sasa, Kifurushi cha Kifalme hakikuwa na kikomo, ila vigezo na masharti vilizingatiwa. Ukishatumia maneno mia kwa siku, yanayobaki huja taratibu. Na mfalme alishayamaliza yote mia mapema, akisikiliza sifa zake.

"Mbele... yako... kuna..."

"Kuna nini?" Simba akauliza huku anatembea.

"Kuna... shi..."

Simba akatumbukia. Neno lililobaki lilimfikia akiwa tayari ameketi chini ya shimo.

Fisi akachungulia. "Mtukufu, jambo hili ni zito. Napendekeza tuunde kamati."

Simba alinguruma mpaka mafaili yakapeperuka. Ndipo akaona uso mwingine ukingoni, mdogo, wenye macho makubwa.

"Mama, ulijua kuna shimo hapa?"

"Nilijua, Mtukufu. Ningekuambia mapema, lakini sina leseni."

Simba akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Mwite Tembo anitoe."

"Tembo yuko mbali. Kumwita ni kutangaza habari. Ni faini."

"Nakupa ruhusa."

"Ya leo tu, Mtukufu, au ya siku zote? Na ni yangu peke yangu, au na ya tumbiri na ndege? Maana mwanangu wa kwanza amekufa kwa nusu ya sentensi, na wa pili anakufa kwa kiu kichakani."

Juu, wawindaji walianza kusikika wakikohoa. Serikali ambayo haikupata nafasi misimu miwili ikapata nafasi palepale.

"Anayeona hatari aseme," akasema Simba kutoka shimoni. "Anayeona maji aseme. Kila mwenye masikio asikie bila malipo. Twiga auze umbea na habari za arusi kama anataka, kwa bei ambayo baraza limeikubali. Fisi, andika."

Fisi akaandika.

Bi Digidigi akapiga mbinja. Tumbiri akaipokea mtini, ndege wakaipokea angani, Tembo akafika na gogo kabla wawindaji hawajafika. Simba akapanda akatoka, na manyoya yake yamejaa tope la wananchi wa kawaida.

Twiga aliposikia sheria alinuna. "Mimi bure sisemi," akasema. "Nitanyamaza, mtakuja kunibembeleza." Akafunga mdomo, akangoja. Hakuna aliyekuja, kwa kuwa kila aliyeona kitu sasa alikisema. Akangoja mpaka sauti ikakauka kooni. Hadi leo ukimkuta Twiga mbugani, anakutazama kutoka juu, anatafuna, hasemi neno. Bado anangoja.

Na jioni ya siku ile Bi Digidigi alimpeleka Pili bwawani. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa majini tumbiri alipolia juu ya mti: "Chui yuko upande wa kushoto, nyuma ya jiwe jeupe, kimbilieni kulia."

Sentensi nzima, mpaka nukta. Wakakimbilia kulia. Mama alikuwa anakimbia huku analia, maana neno moja tu lingemtosha siku ile nyingine.

Funzo lake ndilo hili: habari ya kuokoa roho haikatwi vipande ikauzwa, na mtawala anayengoja kutunga sheria ya wadogo ataitunga siku yumo shimoni, akiwa na bahati kwamba mdogo mmoja amepita.

Hadithi yangu imekwisha, na haikukatika, imefika mwisho wake. Mliyoisikia nendeni nayo, msimtoze mtu.