Nyamizi na Alizeti Zisizoliwa

Paukwa!
Pakawa.
Kaondokea mama mmoja, akalima asile.
Alime asile, kwani ana nini?
Tulieni niwaambie.

Hapo kale, katika nchi ya wafua shaba, aliishi mjane aitwaye Nyamizi na bintiye Kabula. Shamba lao lilikuwa bondeni, chini ya tanuri la kuyeyushia shaba, na miaka mingi wafuaji walimwaga humo taka zao. Mchicha uliota ukastawi, kumbe umekunywa sumu. Kabula akaula. Tumbo likamsokota, mikono ikatetemeka, akakonda akawa kama ubua.

Majirani wakamshauri Nyamizi ahame. Akasema hana pa kwenda, na mumewe kazikwa palepale. Akaenda shambani, akaketi, akalia.

Fuko akatoa pua ardhini, akamuuliza kinachomliza. Nyamizi akamweleza yote.

"Mimi natoka chini, nayajua ya chini," Fuko akasema. "Udongo huu mgonjwa. Panda alizeti, mizizi yake itanyonya sumu. Lakini mbegu usile, mafuta usikamue, mnyama usimlishe. Ng'oa zote, ukazizike kwenye shimo la udongo wa mfinyanzi, mbali na maji."

Nyamizi akawaendea wafuaji, akawasihi siku ya kwanza, akawasihi ya pili, ya tatu wakakubali kumwaga taka zao kwingine. Akapanda. Akawa analima vibarua kwa watu apate chakula safi cha mwanawe, na Kabula akaanza kurudiwa na nguvu.

Mwaka wa kwanza shamba likawa njano tupu. Akang'oa, akazika, akauliza:

"Fuko, Fuko wa chini, ardhi imepona?"

"Bado, mama. Mimi mwenyewe nazunguka pembeni."

Mwaka wa pili ikaingia njaa. Ngassa, ndugu wa marehemu mumewe, akaja kuomba mbegu. Nyamizi akamnyima.

"Shemeji, unazika chakula na watu wanalala njaa?"

"Ninachozika, shemeji, ndicho kilichomkausha Kabula."

Ngassa hakusadiki. Akaiba mzigo mzima wa alizeti, akawapa mbuzi wake. Watatu wakaanguka, wakafa. Akarudi kichwa chini, akakiri. Nyamizi hakumsuta. Akamwonyesha pa kuwazika, akamkatia nusu ya ugali wake. Tangu hapo wakawa waking'oa alizeti wote wawili.

"Fuko, Fuko wa chini, ardhi imepona?"

"Bado, mama. Nachungulia, narudi."

Wakapanda, wakang'oa, wakazika. Mwaka wa saba akauliza tena:

"Fuko, Fuko wa chini, ardhi imepona?"

"Mama, leo nimepita katikati. Nimekuta nyungunyungu, nimeshiba."

Nyamizi akapanda viazi. Vilipokomaa alikula yeye peke yake mwezi mzima, na kila asubuhi Kabula, sasa msichana mkubwa, alimshika mikono na kuitazama. Haikutetemeka.

"Mama," Kabula akasema, "sasa nipe na mimi."

Nyamizi akamchagulia kiazi kikubwa kuliko vyote, akammenyea kama mtoto mdogo, akakaa kumtazama anavyokula.

Wasikilizaji wangu, ardhi huugua kama mtu, na mgonjwa haponi kwa kukimbiwa. Huuguzwa, tena kwa subira.

Mimi nilipita pale nikaomba kiazi. Wakaniambia nipalilie kwanza. Nilipomaliza kupalilia, sufuria imekwisha kuoshwa. Basi yangu yameishia hapo. Aliyeshiba na aseme yake.