Shingo ya Mwalimu Batamzinga

Paukwa.
— Pakawa.
Mmekaa?
— Tumekaa.
Na masikio?
— Yamesimama.

Hapo kale, kengele za shule zilipokuwa vibuyu, Batamzinga alikuwa mwalimu mkuu. Kila asubuhi aliwapanga wanafunzi mstarini. "Shingo juu." Kuku juu, bata juu, kanga juu. Ndiyo salamu yao.

Siku moja akaja mgeni, Siwema, mtoto wa kobe, wa kwanza katika ukoo wake kutia mguu shuleni. Alitaka kujua kusoma kuliko kitu chochote.

"Shingo juu," akasema mwalimu.

Siwema akaingiza kichwa ndani.

Kuku wakapiga yowe. Kanga mmoja akazimia. Mtoto hana kichwa, jamani. Hata mimi ningekimbia.

Kesho yake, shingo juu, kichwa ndani. Kesho kutwa, shingo juu, kichwa ndani. Batamzinga akaiva kwa hasira.

"Jeuri huyu. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Jumatatu asirudi."

Siwema akaenda nyumbani analia. Bibi yake hakubishana. Akajikokota hadi shuleni, kichwa ndani, akasema, "Mwalimu, kabla hujamfukuza mjukuu wangu, njoo kwetu Jumapili ule mchicha."

Chakula hakikataliwi. Batamzinga akaenda, kajipamba, shingo mbele. "Hodi, wenyewe."

Vilio. Kina mama wakawaziba watoto macho. Mzee mmoja akaangusha bakuli.

"Shingo tupu," wakanong'ona. "Mtu mzima, mbele za watu."

Maana kwa kobe, wenzangu, shingo huonyeshwa watu wa nyumbani tu. Wengine huheshimiwa kwa kufichiwa shingo. Batamzinga akashtuka, akatamani gunia ajifunike. Utaiweka wapi shingo ile, ndefu, nyekundu, mikunjo tele?

"Mwalimu," bibi akauliza kutoka ndani ya gamba, "tukufukuze?"

Batamzinga akausogeza mchicha kando. Akaondoka bila kula.

Jumatatu, Siwema alikuja langoni kuwaaga wenzake. Mwalimu akamwendea, shule nzima inatazama. Akainama, akaficha kichwa chini ya bawa.

Kuku wakapiga yowe. Kanga yule akazimia tena.

Siwema akachungulia kutoka ndani ya gamba. Kisha polepole akatoa kichwa, akatoa shingo, yote, mbele ya shule nzima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia darasani."

Hadithi imefika mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.