Mafao ya Mwanahija

Usinibinulie mdomo, kaa usikilize. Mhando, ambaye akifoka nyumba nzima hunyamaza, alimwamuru mkewe Mwanahija, mpishi wa shule, astaafu mapema ili mafao yake yamnunulie yeye mume pikipiki.

"Sawa, baba Zuhura. Nimeshaacha kazi."

Akakaa nyumbani. Akamfuata mumewe mpaka kijiwe cha kahawa, akamzimia redio katikati ya mpira, akamtia jembe mkononi kabla ya chai.

Wiki ya pili Mhando alikuwa hoi. "Mama Zuhura, hawawezi kukurudisha?"

"Na pikipiki?"

"Ya nini? Fanya kazi mpaka sitini, mafao yanone."

"Umesema mwenyewe." Mwanahija akajitanda kanga. "Sikustaafu mimi. Nilikuwa likizo, na imeisha jana."

Akatoka, akafunga mlango.