Jiwe, Kichuguu, Mkwaju

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama mmeiazima kwa jirani? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya. Sasa naona mmekula. Hadithi hii ni ya watu ambao hawakula, basi sikilizeni kwa niaba yao.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na Jumbe, na Jumbe alikuwa na maghala matatu. La kwanza la wageni wa Jumbe. La pili la karamu za kulijadili lile la tatu. La tatu, dogo, lilikuwa la watu walioumbwa na akili za polepole, na panya walikwisha kulihama.

Watu hao kijiji kiliwaita mazuzu. Bi Somoe aliwaita wanangu, ingawa mmoja wao, Mzee Kombo, alimshinda yeye kwa mvi. Walikuwa saba, na aliwalea wote nyumbani mwake. Akimwendea jirani kuomba kibaba cha unga, jirani humjibu kwa upole, "Aa, Bi Somoe, kwani Jumbe hana ghala?" Kijiji kizima kilikuwa na upole wa namna hiyo.

Kila mavuno ghala lilitoa kanda moja la mtama kwa kila mmoja wao. Lakini kwanza apimwe, ijulikane kama bado yuko vilevile. Mpimaji alikuwa Bwana Dadi, na vipimo vyake vitatu: mtu awashe moto, achambue kunde katika mtama, alete maji kisimani. Akiweza hata kimoja, amepona. Na aliyepona hana kanda.

Basi mwaka mmoja Pandu, mmoja wa wale saba, akainamia mafiga. Puu! Puu! Puuuu! Moto huo!

"Hongera, Pandu," akasema Bwana Dadi. "Umepona."

"Nimepona nini?" akauliza Pandu.

Bi Somoe akasimama. "Bwana Dadi, huyu anajua kuwasha moto, hajui kuondoa mkono. Hebu vitazame vidole vyake."

Bwana Dadi akavitazama. Akasikitika kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Bi mkubwa, kipimo kinauliza moto. Mkono hakiuulizi."

Watu saba, makanda sita. Bi Somoe akauongeza uji maji, akauongeza tena, mpaka ukawa maji yaliyopita karibu na mtama. Mzee Kombo hakuiona mvua.

Sasa, katika waliobaki alikuwamo Mize, mwanamke mtu mzima, mwenye kicheko kama kwikwi. Akivuka kizingiti tu, amepotea. Naye alitaka kitu kimoja duniani: ateke maji mwenyewe, arudi na mtungi kichwani kama wanawake wenziwe. Bi Somoe alikuwa akimfunza. Kila asubuhi humshika mkono, huenda naye.

"Jiwe!" husema Bi Somoe wakifika penye jiwe.

"Jiwe!" huitikia Mize.

Mwaka mzima, jiwe. Wa pili: Jiwe. Kichuguu. Mwaka wa tatu, ule waliomzika Mzee Kombo: Jiwe. Kichuguu. Mkwaju. Na wa nne, siku kumi kabla ya kupimwa, Bi Somoe akauachia ule mkono. Jiwe! Kichuguu! Mkwaju! Maji! Mtungi ukaingia kisimani, chubwi! Mize akarudi peke yake, maji yakimlowesha mabega, chwa, chwa, chwa, na kicheko chake cha kwikwi juu. Bi Somoe akachota kata moja kutoka mtungini, akainywa yote, wala hakuwa na kiu.

Kisha akakumbuka zile siku kumi.

Watu sita, makanda matano. Mize akipona, manne. Bi Somoe akawatazama walioketi uani, mmoja mmoja, akijiuliza safari hii nani hataiona mvua.

Asubuhi ya kupimwa akamwita. "Mize, mwanangu. Leo Bwana Dadi akikutuma maji, usiende."

"Kisima kimekauka?"

"Hakijakauka."

"Nimevunja mtungi?"

"Hujavunja."

"Nimekosa nini, Bibi?"

Bi Somoe akamshika mkono, kama njiani. "Kaa tu, mwanangu. Leo kukaa ndiyo vizuri."

Bwana Dadi akaja na fimbo yake. "Haya, Mize, lete maji."

Mize akautazama mtungi. Akamtazama Bi Somoe. "Jiwe," akanong'ona. Bi Somoe akatikisa kichwa. Mize akakaa chini vumbini, akazishika nyayo zake kwa mikono miwili, zisiondoke.

"Bado!" akasema Bwana Dadi, roho kunjufu. "Mpeni kanda lake."

Mwaka ule hakufa mtu. Lakini kesho yake Bi Somoe alipouchukua mtungi, "Mize, twende maji," Mize alizishika nyayo zake. "Kukaa ndiyo vizuri." Kesho kutwa, vilevile. Mwezi, vilevile. Kwenda alifunzwa miaka minne. Kukaa alifunzwa asubuhi moja.

Bi Somoe akajikokota hadi barazani. "Jumbe, nilikudanganya. Mize alikuwa anaijua njia, na mimi nimemfutia. Niadhibu mimi. Ila hicho kipimo kiondoe. Mtu akijifunza asinyang'anywe sahani."

Jumbe aliguswa sana. Wazee wakajadili siku tatu, wakila kutoka ghala la pili. Siku ya nne likatoka tamko: kwa kuwa imedhihirika watu hudanganya, kuanzia sasa watapimwa mara mbili kwa mwaka.

Bi Somoe akarudi nyumbani. Alibembeleza, akaimba, akakaa vumbini pamoja na Mize, yeye pia akazishika nyayo zake, mpaka siku moja Mize akacheka, akaziachia. Wakaanza upya. "Jiwe!" "Jiwe!" Mwaka mzima. Wa pili: Jiwe. Kichuguu. Ila safari hii mwenye kushikwa mkono alikuwa Bi Somoe, na kabla ya mwaka wa mkwaju akafariki.

Kijiji kilimlilia. Jumbe alisema mengi mazuri kaburini. Nyumba ya Bi Somoe ikaangukia kwa mpwa wake, ambaye wale sita aliwalisha alivyoweza, na kwenda kisimani na mtu hakuwa na nafasi.

Kila asubuhi Mize alitoka na mtungi. Jiwe. Kichuguu. Hapo husimama, akangoja. Wanawake humpita wakienda kisima hichohicho.

"Hujambo, Mize?"

"Sijambo."

Na mkwaju ule pale, unaonekana. Lilibaki neno moja tu la kuambiwa. Waliompita walikuwa wengi, na wote walikuwa wapole.

Wanangu, anayemlisha mtu kwa sharti la kutojua huvuna ujinga, na ujinga huo si wa mlishwaji. Bi Somoe alilijua hilo kuliko wote, na njaa ikamfanya alitende.

Hadithi yangu imesimama hapo, kwenye kichuguu. Mwenye miguu aifikishe mkwajuni.