Jina la Boti ya Mafuru

Sogeeni, mnisaidie kazi iliyomshinda Mafuru, mvuvi wa sangara kule visiwani. Boti yake mpya imekamilika, na ubavuni pana nafasi ya jina moja tu. Anataka kumpa nafasi hiyo mtu aliyemrudisha nyumbani akiwa hai. Tatizo ni kwamba wako watatu.

Wa kwanza ni Bwire, fundi wa mashine. Wa pili ni Magesa, mpiga kasia mwenye nguvu na ubishi wa kutosha watu kumi. Wa tatu ni Nyamumwi, mke wa Mafuru, anayeiona shida kabla haijabisha hodi.

Asubuhi ya safari iliyonusura kumuua, Mafuru alikuwa na boti yake ya zamani, mashine mpya na kiburi kipya. Aliamuru vifaa vyote vya akiba vishushwe ili barafu ipate nafasi. Mashine mpya, alisema, haiharibiki.

Bwire aliitikia sawa, kisha akaifunga pini ya akiba, kile kijichuma kinachoshikilia pangaboi, kwenye kamba ya kaptula yake. Hajui kuogelea, na hilo linajulikana mwalo mzima, pale wavuvi wanapoegesha boti.

Magesa alikataa. Alisimama majini na makasia mawili begani, akasema bila hayo hapandi.

"Panda nayo," Mafuru akamwambia, "ila tukirudi utafute boti nyingine."

Nyamumwi hakubishana na mtu. Alipofungasha chakula, alitia plaizi ndani ya hotipoti, chini ya ugali, yeye akabaki nyumbani.

Mchana, mbali na nchi kavu, pangaboi la mashine lilipiga mwamba. Pini ikakatika, mashine ikawa inanguruma bure, na upepo ukaanza kuwasukuma kwenye majabali. Magesa alishika makasia, akapambana na mawimbi hadi viganja vikachubuka. Boti haikwenda mbele, lakini haikugonga. Bwire akaifungua kamba, akatoa pini yake. Nati ya pangaboi ilikuwa imekaza, vidole havikufua dafu. Mafuru akapekua boti nzima akitafuta chuma chochote, hata kijiko, na alipozamisha mkono kwenye ugali akakutana na plaizi. Nati ikafunguka, pini ikaingia, pangaboi likazunguka tena.

Jioni alifika kwake, akawakusanya wote watatu, akalia mbele ya watu bila kuona haya.

"Niliwakataza," alisema, "nanyi mkaniokoa. Asanteni. Magesa, huendi popote."

Sasa watu wa mwaloni wamegawanyika. Bila pini ya Bwire pangaboi lisingezunguka, ingawa wapo wanaosema alijihofia mwenyewe. Bila makasia ya Magesa wangevunjikia kwenye majabali kabla ya pini kuingia, naye alikuwa tayari kupoteza kazi. Bila plaizi ya Nyamumwi pini ingebaki mkononi. Kweli, yeye hakukabiliwa na hatari yoyote, lakini alijiandaa kwa safari isiyokuwa yake. Wenyewe ukiwauliza, kila mmoja anamtaja mwenzake.

Fundi rangi ameshachovya brashi, anamtazama Mafuru. Mafuru anawatazama nyinyi. Semeni basi, liandikwe jina la nani?